KUSINYAA KWA MISHIPA YA DAMU YA MIGUU NA MIKONO: DALILI, VIPIMO NA MATIBABU

(Maelezo kamili ya mazungumzo ya afya yaliyotayarishwa kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba)





Utangulizi

Mazungumzo haya yanahusu maradhi ya kusinyaa kwa mishipa inayopeleka damu miguuni na mikononi. Ni maradhi yasiyotajwa sana barazani kama zinavyotajwa presha, kisukari na kiharusi, ingawa yote hayo ni ndugu wa tumbo moja. Inakisiwa kuwa mwaka 2010 watu zaidi ya milioni 200 duniani walikuwa nayo, na walio wengi kati yao walikuwa wakiishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hivyo si sahihi kuyahesabu kuwa ni maradhi ya matajiri au ya watu wa nchi za baridi.

Kusudio la mazungumzo haya ni kuwafahamisha wananchi jambo moja kubwa: kwamba maumivu ya mguu yanayokuja kwa kutembea na kuondoka kwa kusimama yasihesabiwe kuwa ni uzee tu wala baridi tu. Ni dalili yenye kipimo chake na yenye tiba yake, na mwenye kuiwahi aghalabu hubaki na mguu wake.

Maana ya neno "mshipa"

Kabla ya kuendelea ni vyema neno lenyewe likafafanuliwa, kwani katika Kiswahili neno "mshipa" limebebeshwa mizigo mingi. Mwenye ngiri husemwa kuwa ana mshipa. Mwenye ganzi husema mshipa umekufa. Na anayekazwa na misuli usiku husema mshipa umemshika. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anapoambiwa na daktari kuwa mishipa yake imesinyaa, huenda akafahamu jambo jingine kabisa, akenda kumtafuta mkandaji badala ya kufuata matibabu.

Mishipa ya damu ni ya namna mbili kubwa. Ipo inayoitoa damu kwenye moyo na kuisambaza mwilini, nayo huitwa ateri. Na ipo inayoirejesha damu kwenye moyo, nayo huitwa vena. Vena ndizo zinazoonekana zikituna chini ya ngozi ya mkono au ya mguu. Ateri nyingi zimejificha ndani zaidi, na mtu huzitambua kwa mapigo yake, kama lile pigo ambalo muuguzi hulitafuta kwa vidole karibu na kiganja. Maradhi yanayozungumzwa hapa ni ya ateri.

Namna mishipa inavyosinyaa

Ateri ya mtu mwenye afya ni laini kwa ndani, na ukuta wake hunyumbuka kila moyo unapopiga. Kadiri miaka inavyopita, mafuta ya lehemu pamoja na chembechembe nyengine hujipenyeza katika ukuta huo, yakajikusanya na kuwa magumu, na baadaye chokaa hujishika humo. Njia ya damu huwa nyembamba, mfano wa bomba la maji lililojaa kutu. Mwenye nyumba halioni bomba hilo. Huona tu kwamba maji yaliyokuwa yakifika ghorofa ya juu sasa hayafiki.

Sababu zinazoharakisha hali hiyo zinajulikana. Ya kwanza kwa ubaya ni uvutaji wa sigara na tumbaku ya aina yoyote. Ya pili ni kisukari. Zinazofuatia ni shinikizo kubwa la damu, wingi wa lehemu katika damu, maradhi ya figo, na umri mkubwa. Mtu mwenye sababu mbili au tatu kwa pamoja yumo katika hatari kubwa kuliko mwenye moja.

Yapo pia maradhi mengine yanayoziba mishipa kwa njia tofauti. Mwaka 1908 Daktari Leo Buerger wa New York alieleza ugonjwa unaoshika mishipa midogo ya miguu na mikono ya vijana wanaovuta tumbaku, na ambao hadi leo tiba yake kubwa ni kuiacha tumbaku moja kwa moja. Akivuta, vidole huendelea kufa. Akiacha, maradhi mara nyingi husimama.

Dalili

Wengi wenye maradhi haya hawahisi kitu mwanzoni. Dalili ya kwanza, inapokuja, ina tabia yake maalumu. Mtu hutembea masafa fulani, kisha shavu la mguu hukaza na kuuma, na pengine paja au makalio. Akisimama dakika chache maumivu huondoka bila ya dawa. Akiendelea na safari, maumivu hurejea baada ya masafa yale yale. Mzee aliyekuwa akitoka kwake hadi msikitini bila ya kupumzika, sasa husimama njiani mara mbili, akajifanya anaamkiana na watu.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1831 daktari wa wanyama wa Ufaransa, Jean-François Bouley, aliieleza hali hiyo kwa farasi aliyekuwa akichechemea kila akikimbizwa. Mwaka 1858 Mfaransa mwenzake, Daktari Jean-Martin Charcot, akaieleza kwa binadamu.

Si kila maumivu ya mguu yanatokana na ateri, na daktari hutofautisha kwa maswali. Mwenye matatizo ya uti wa mgongo hupata nafuu akikaa au akiinama, wakati mwenye ateri iliyosinyaa hupata nafuu kwa kusimama tu. Mwenye matatizo ya vena huvimba miguu jioni na hupata nafuu akiiinua juu ya mto. Mwenye ateri iliyosinyaa vibaya ni kinyume chake: akiinua mguu huumia zaidi, na usiku huonekana ameuning'iniza nje ya kitanda ili damu iteremke.

Dalili nyengine ni mguu mmoja kuwa wa baridi kuliko mwenzake, ngozi kuwa nyembamba na yenye kung'ara, vinyweleo kupukutika, kucha kuwa nene na zisizokua vizuri, na kidonda kidogo cha kidole au cha kisigino kisichopona.

Zipo hali mbili ambazo hazina subira. Ya kwanza ni maumivu ya kidole au wayo yanayomwamsha mtu usiku, au kidonda kisichopona, au kidole kilichoanza kuwa cheusi, yaani mwanzo wa donda ndugu. Hali hiyo ni onyo kwamba damu haitoshi hata kwa mguu uliopumzika, na mgonjwa anatakiwa afikishwe hospitali bila ya kuchelewa.

Ya pili ni dharura kamili. Mguu au mkono ghafla huuma sana, hupauka, huwa wa baridi, hupoteza mapigo, huingia ganzi na hatimaye hushindwa kusogea. Hapo mshipa umezibwa kwa donge la damu, ambalo mara nyingi hutoka kwenye moyo usiopiga kwa mpangilio. Misuli isiyopata damu kabisa huanza kufa katika muda wa saa 6 hivi. Mgonjwa wa namna hiyo asikandwe, asipakwe dawa, wala asisubiri kliniki ya kesho.

Uchunguzi wa daktari

Uchunguzi huanza kwa mikono na macho. Daktari humvua mgonjwa viatu na soksi, akayatafuta mapigo ya damu mahali panne: kwenye kinena, nyuma ya goti, nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu, na juu ya wayo. Humlaza mgonjwa na kuinua miguu yake juu. Mguu wenye upungufu wa damu hupauka, na ukiteremshwa huwa mwekundu wa kukoza.

Baada ya hapo hufuata kipimo kilicho msingi wa kazi yote, nacho hakina sindano wala maumivu. Mgonjwa hulala na kupumzika, kisha hupimwa shinikizo la damu katika mikono yote miwili na katika vifundo vyote viwili vya miguu. Chombo kinachotumika ni kile kile cha kupimia presha, pamoja na kifaa kidogo cha kusikilizia mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti. Kifaa hicho kinafuata kanuni iliyoelezwa mwaka 1842 na mwanasayansi wa Austria, Christian Doppler. Shinikizo la kifundo cha mguu hugawanywa kwa shinikizo la mkono uliotoa tarakimu kubwa zaidi.

Mfano wake ni huu. Ikiwa mkono umetoa 130 na kifundo cha mguu kimetoa 143, jawabu ni 1.10, na mguu huo ni mzima. Ikiwa mkono umetoa 140 na kifundo kimetoa 84, jawabu ni 0.60, na mguu huo unapata damu pungufu. Kwa jumla, kuanzia 1.00 hadi 1.40 ni hali ya kawaida, 0.91 hadi 0.99 ni hali ya mpakani, na 0.90 au chini yake ni ushahidi wa maradhi. Likiteremka chini ya 0.40, hatari ni kubwa.

Hapa panahitaji tahadhari moja. Kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari na wa figo, mishipa hujaa chokaa na kuwa migumu hata chombo kikashindwa kuibana. Jawabu likapanda juu ya 1.40, na asiyejua akadhani mguu una nguvu kupita kiasi. Kwa mgonjwa huyo daktari hupima shinikizo la kidole gumba cha mguu, kwani mishipa ya vidole kwa kawaida haiathiriki sana na chokaa hiyo.

Iwapo itaonekana haja ya kuzibua mshipa, ndipo hutafutwa picha ya kuonesha mahali penyewe penye kizuizi. Ya kwanza ni altrasaundi, ambayo haina madhara. Nyengine ni picha ya kompyuta ya CT au picha ya eksirei inayopigwa baada ya kutiwa dawa maalumu ndani ya mshipa. Mwenye maradhi ya figo, au aliyewahi kudhurika na dawa za namna hiyo, ni lazima amwambie daktari mapema.

Matibabu

Matibabu yana ngazi tatu, na ngazi ya kwanza imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe.

Awali ya yote ni kuacha tumbaku. Hakuna dawa wala upasuaji unaoweza kushindana na moshi unaoingia kila siku. Wapo wanaosema hawawezi kuacha. Hata hivyo, Muislamu mvutaji hufunga mwezi mzima wa Ramadhani, akakaa bila ya sigara tokea alfajiri hadi magharibi, kwa siku 29 au 30. Mwenye kuweza hivyo mchana kutwa ameshavuka sehemu kubwa ya safari. Lililobaki ni kuufanya usiku nao uwe kama mchana.

La pili ni kutembea. Wengi hushangaa kusikia kwamba mguu unaouma kwa kutembea hutibiwa kwa kutembea, lakini ndivyo ilivyothibitika. Mgonjwa asiye na kidonda wala maumivu ya usiku hutembea mpaka maumivu yawe ya wastani, husimama mpaka yaondoke, kisha huendelea, na kufanya hivyo kwa dakika 30 hadi 45, angalau mara 3 kwa wiki, kwa muda usiopungua wiki 12. Misuli hujifunza kutumia vyema damu kidogo inayoipata, na masafa ya kutembea huongezeka. Ni vyema kuanza kwa ushauri wa daktari, hasa kwa mwenye maradhi ya moyo.

Ngazi ya pili ni dawa. Mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, kama asprini kwa kiwango kidogo au klopidogreli, na dawa za statini za kupunguza lehemu. Presha na kisukari hudhibitiwa kwa ukamilifu. Dawa hizi hazikusudiwi mguu peke yake. Mtu mwenye ateri iliyosinyaa mguuni mara nyingi ana nyengine kama hiyo kwenye moyo au shingoni, na yumo katika hatari ya mshituko wa moyo na kiharusi kuliko hatari ya kupoteza mguu. Asprini inaweza kusababisha kutoka damu tumboni; kwa hivyo haifai mtu kujinunulia dukani na kujipangia mwenyewe.

Ngazi ya tatu ni kuzibua au kuuchepua mshipa. Hii ni kwa mgonjwa ambaye mguu wake umo hatarini, au ambaye mazoezi na dawa vimeshindwa kumsaidia na maisha yake yameathirika.

Upasuaji wa mchepuo ulifanywa na Daktari Jean Kunlin mjini Paris mwaka 1948, kwa kutumia vena ya mguu wa mgonjwa mwenyewe kuivusha damu penye kizuizi, na hadi leo vena hiyo ndiyo bora kwa kazi hiyo. Njia isiyohitaji kupasua ilianza tarehe 16 Januari 1964 katika mji wa Portland, Marekani. Bibi mmoja wa miaka 82 alikuwa na vidole vya mguu vilivyoanza kufa, na alishauriwa akatwe mguu, akakataa. Daktari Charles Dotter alipitisha mipira myembamba ndani ya mshipa wa paja, mmoja baada ya mwengine, akaipanua njia ya damu. Wayo ukapata moto, maumivu yakaondoka, na bibi yule akaendelea kutembea kwa miguu yake miwili mpaka alipofariki zaidi ya miaka miwili baadaye kwa maradhi mengine. Mwaka 1974 Daktari Andreas Grüntzig, mjini Zürich, aliiendeleza njia hiyo kwa kutumia kipira kinachojazwa ndani ya mshipa. Siku hizi mara nyingine huachwa humo kikoba cha wavu wa chuma, kiitwacho stenti, ili njia isijifunge tena.

Kwa dharura ya donge la damu, Daktari Thomas Fogarty wa Marekani alitangaza mwaka 1963 njia ya kulivuta donge hilo kwa kipira kilicho kwenye ncha ya mpira mwembamba, na njia hiyo imeokoa viungo vya watu wengi.

Kwa upande wa nchi yetu, mgonjwa huanzia kituo cha afya au hospitali iliyo karibu naye, na daktari humpeleka mbele kwa kadiri ya haja, ikiwemo Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa Unguja na Hospitali ya Abdalla Mzee kwa Pemba. Huko Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, inayoshughulikia maradhi ya moyo na mishipa ya damu.

Mikono

Mikono husinyaa mishipa mara chache kuliko miguu. Dalili zake ni mkono kuchoka upesi kwa kazi ya juu kama vile kupaka chokaa au kuanika nguo, baridi ya vidole, na tofauti ya presha baina ya mkono na mkono. Tofauti ya 15 au zaidi inastahiki uchunguzi. Ndiyo maana daktari hodari, kwa mara ya kwanza, hupima mikono yote miwili. Kwa mwanamke kijana mwenye mapigo dhaifu mkononi, upo ugonjwa wa uvimbe wa kuta za mishipa uliopewa jina la Daktari Mikito Takayasu wa Japani, ambao hutibiwa kwa dawa.

Yanayowachelewesha wagonjwa

Khofu kubwa ya wananchi ni kukatwa mguu. Khofu hiyo inaeleweka, lakini ni vyema ikatazamwa vizuri. Wapo wanaoliona kidonda, wakalificha kwa kitambaa, wakapaka majani, wakapelekwa kwa mganga kwa kudhaniwa wamekanyaga uchawi, na siku wanapofikishwa hospitali nyama imeshakufa na sumu imeingia katika damu. Hapo daktari hana la kuokoa ila roho. Kwa hivyo khofu ya kukatwa ndiyo mara nyingi inayomfikisha mtu kwenye kukatwa. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kilio humuumbua.

Yapo pia makosa ya nyumbani yanayofanywa kwa nia njema. Mguu wa baridi huwekwa karibu na makaa au kutumbukizwa katika maji ya moto, na mwenye kisukari asiyehisi huungua bila ya kujua. Soksi za kubana, zinazomfaa mwenye matatizo ya vena, zinaweza kumdhuru mwenye ateri iliyosinyaa, na zisivaliwe kabla ya kupimwa. Kidonda kisikwaruzwe wala sugu isikatwe kwa wembe.

Wajibu wa kila mmoja

Mwenye kisukari anatakiwa aitazame miguu yake kila siku. Anayesali ameshapata wakati wake, kwani hutia udhu na kuosha miguu mara nyingi kwa siku. Mara moja kati ya hizo atazame wayo na baina ya vidole, na kila mara akaushe vizuri. Asiyeona vyema atazamiwe na mtoto wake au mjukuu. Asitembee pekupeku, si nyumbani wala ufukweni, na kabla ya kuvaa viatu atie mkono ndani kuhakikisha hamna kijiwe.

Wakuu wa kazi wanaombwa kuwapa ruhusa watumishi wenye kisukari na presha kuhudhuria kliniki zao bila ya vikwazo, kwani saa mbili za ruhusa ni nafuu kuliko miezi ya kulazwa. Masheha wanaombwa, wanapopata khabari ya mgonjwa mwenye kidonda cha mguu kisichopona katika shehia zao, wamshauri yeye na jamaa zake wafike kituo cha afya.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mwenye umri wa miaka 50 na kuendelea anayevuta au aliyewahi kuvuta sigara, au mwenye kisukari, na kila mwenye maumivu ya mguu yanayokuja kwa kutembea, anashauriwa amuulize daktari wake swali moja: je, mapigo ya miguu yangu yamepimwa? Ni swali dogo, na jawabu lake hupatikana kwa muda mfupi, lakini ndilo linaloamua iwapo mtu atabaki akitembea kwa miguu yake miwili.